Laptopu Imejifunga Baada ya Kutoka kwa Fundi au Kuuzwa: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Malalamiko mengi yanayofika kwenye meza ya fundi wa kompyuta hayatokani na kifaa kilichoungua. Yanatokana na kufuli. Mashine imepelekwa kubadilishwa ubao mkuu, ule mafundi wanaouita mazabodi, na imerudi inadai namba ambazo mwenyewe hajawahi kuziona. Nyingine imeuzwa, hela imelipwa, na jioni mnunuzi anapiga simu kwamba skrini inamtaka aingize nenosiri la mtu mwingine. Nyingine haikujifunga hata kidogo, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu aliyeinunua anafungua kivinjari na kukuta barua pepe za muuzaji ziko wazi.

Kufuli hizi zimewekwa ili kumzuia mgeni, na zinamzuia kweli. Anayeweza kuzifungua bila jasho ni mwenye mali peke yake, na wakati wa kuzifungua ni kabla mashine haijatoka mkononi mwake. Kama umeshakwama, ruka moja kwa moja kwenye dalili yako. Kama mashine bado iko mezani kwako, soma yote.

Tenga kwanza safari mbili. Anayekwenda kwa fundi anataka mashine irudi na vitu vyake vyote ndani, kwa hiyo kazi yake ni kushika funguo zote na kupunguza anachoweza kuona mtu mwingine. Anayeuza hataki irudi, kwa hiyo kazi yake ni kujitoa kwenye mashine kwanza, kisha kufuta. Mpangilio huo wa pili, kujitoa halafu kufuta, ukiugeuza utazaa nusu ya matatizo yaliyoelezwa hapa chini.

Na katika safari zote mbili, nakala ya mafaili yako itangulie, kwenye diski ya nje au wingu. Fundi mzuri atakuuliza kama unayo. Asiyeuliza, mwambie wewe.

Skrini ya bluu inadai tarakimu 48

Mashine inawaka, nembo ya kampuni inapita, halafu badala ya Windows unakuta ukurasa wa bluu wenye neno BitLocker, kisanduku kitupu cha kujaza namba, na kitambulisho cha ufunguo chenye herufi na tarakimu 8 za mwanzo. Ufunguo unaotakiwa una tarakimu 48, katika makundi 8 ya tarakimu sita sita.

BitLocker ni kufuli ya Windows ya diski. Chanzo ni kwamba diski yako imesimbwa, yaani yaliyomo yamegeuzwa yasisomeke bila ufunguo, na kinachoruhusu isomeke kimefungwa ndani ya chipu ya TPM iliyoko kwenye mazabodi. Chipu hiyo hutoa ruhusa pale tu inapoona mashine inawaka kama ilivyozoea. Fundi akibadilisha mazabodi, chipu ni nyingine kabisa na haijui lolote kuhusu diski yako. Akisasisha BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows, au akizima Secure Boot, ulinzi unaokagua kinachowashwa, ili fleshi yake iwake, chipu ni ileile lakini inaona mazingira yamebadilika, inagoma. Kama tatizo limetokana na Secure Boot tu, mara nyingi kuirudisha ilivyokuwa kunatosha; mashine ikiwaka tena itapita bila kudai kitu.

Wengi hujibu kwamba hawajawahi kuweka BitLocker. Ni kweli, hawakuiweka. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, ikisakinishwa upya hujisimba yenyewe kwenye mashine nyingi, hata kwenye toleo la Home, pindi mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Kwa hiyo ukipeleka laptopu kupigwa Windows ukarudi nayo nyumbani ikiwa safi, huenda umerudi na diski iliyosimbwa bila yeyote kukuambia.

Kabla ya kwenda kwa fundi, fungua Command Prompt kwa kubofya kulia na kuchagua kuiendesha kama msimamizi, kisha andika:

manage-bde -status C:

Ukiona ulinzi umewashwa, andika:

manage-bde -protectors -get C:

Tarakimu 48 zitatokea hapo hapo kwenye skrini. Ziandike kwenye karatasi, au zipige picha kwa simu, na hakikisha herufi 8 za kitambulisho zimo pia. Usizihifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo. Siku utakayozihitaji hutaweza kuzifikia.

Kama skrini imeshakudai na hukuziandika, chukua simu, nenda account.microsoft.com/devices/recoverykey, uingie kwa akaunti uliyotumia kwenye laptopu. Linganisha zile herufi 8. Usipoona kitu, jiulize ni nani aliyeiwasha mashine mara ya kwanza. Mara nyingi sana ni duka lililokuuzia, kwa barua pepe ya kijana wa dukani, au ni ndugu aliyekuletea kutoka safari, na ufunguo uko kwake. Aliyewahi kuingia kwa akaunti ya chuo au ya kazini aulize kitengo cha TEHAMA cha huko, kwa sababu ufunguo huenda umehifadhiwa kwenye mfumo wao. Microsoft wenyewe hawawezi kukutengenezea ufunguo uliopotea. Ukikosekana kila mahali, mashine itapigwa Windows upya na kuendelea kufanya kazi, lakini yaliyokuwemo hayarudi. Fundi anayekuahidi kuyarudisha kwa malipo ya ziada anakudanganya.

Kuna walioambiwa wasitishe BitLocker kwanza, wakasitisha, na bado mashine ikadai tarakimu. Hapa chanzo ni kidogo lakini kinasumbua: usitishaji wa kawaida hudumu kwa kuwasha upya mara moja tu, kisha ulinzi unajirudisha wenyewe. Fundi anayesasisha BIOS na kuwasha mashine mara tatu au nne ataukuta umesharudi. Amri inayodumu hadi uiondoe mwenyewe ni hii:

manage-bde -protectors -disable C: -rebootcount 0

Baada ya matengenezo, irudishe kwa manage-bde -protectors -enable C:.

Maoni yangu lakini ni kwamba usisitishe isipobidi. Wakati wa usitishaji, ufunguo unawekwa wazi kwenye diski yenyewe, hivyo yeyote mwenye diski mkononi anaweza kuisoma. Kwa kazi ya mazabodi, skrini, bawaba, kibodi au chaji, acha diski ikiwa imesimbwa, baki na karatasi yako, na siku ya kuichukua jaza tarakimu 48 kwa mkono wako palepale dukani. Fundi anaweza kujaribu kazi yake kwa programu za uchunguzi zilizomo kwenye BIOS au kwa kuwasha mfumo kutoka kwenye fleshi. Hahitaji picha za familia yako ili ajue skrini inaonyesha.

PIN haikubaliki, alama ya kidole imekufa

Windows inasema kuna jambo limetokea na PIN yako haipatikani. Chanzo ni kilekile: PIN na alama ya kidole vimefungwa kwenye TPM ya mashine ile, havikusafiri kwenda mazabodi mpya. Ingia kwa nenosiri la akaunti yako kisha utengeneze PIN upya. Shida inawapata waliotumia PIN kwa miaka hadi nenosiri lenyewe wakalisahau. Lijaribu nyumbani kabla ya kwenda kwa fundi, kwa kuingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kupitia simu.

Pamoja na hilo, kama umehifadhi funguo za siri za kuingilia tovuti ndani ya laptopu hiyo, zile zinazotumia uso au kidole badala ya nenosiri, weka njia ya pili kwenye simu kwanza. Na Windows ikilalamika kwamba haijaamilishwa baada ya mazabodi kubadilishwa, ni kwa sababu leseni iliyokuja na mashine hukaa ndani ya mazabodi ya zamani. Kuiunganisha leseni na akaunti yako ya Microsoft mapema kunakupa nafasi ya kuidai tena kupitia kitatuzi cha uamilishaji, ingawa leseni za kiwandani hazikubali kila mara.

Fundi anadai nenosiri

Nenda kwenye maduka mengi ya matengenezo utaona jambo hili kwa macho: laptopu zimepangwa kwenye rafu, na juu ya kila mfuniko kuna kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi ya plastiki, kimeandikwa jina la mteja, namba yake ya simu, ugonjwa wa mashine, na nenosiri. Kila anayepita nyuma ya kaunta anakisoma. Mwenye namba yako ya simu na nenosiri unalolitumia kila mahali hahitaji tena kuwa mtaalamu wa kompyuta.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph huko Kanada walichapisha walichokiona baada ya kupeleka laptopu zenye kasoro ndogo ya makusudi, dreva ya sauti (programu inayoendesha sauti) iliyozimwa, kwenye maduka 16. Kasoro hiyo inarekebishwa bila kufungua faili hata moja la mteja. Kumbukumbu zilizofichwa ndani ya laptopu hizo zilionyesha kwamba mafundi wa maduka 6 walipekua vitu binafsi, na wa maduka 2 walinakili data kwenye vifaa vyao. Katika sehemu nyingine ya utafiti walipeleka mashine kubadilishwa betri tu, na karibu maduka yote yaliomba nenosiri. Hiyo ni Kanada, kwenye maduka yenye risiti na mabango. Sisemi hivi kuwachafua mafundi. Ninaowafahamu wengi ni waaminifu kuliko walio ofisini. Nasema ili mteja asione haya kukataa.

Fundi akisema, "Bosi, niandikie password hapa," muulize ni kwa kazi gani. Betri, skrini, kibodi, feni, chaji, bawaba, kuongeza RAM: hakuna hata moja inayohitaji uingie kwenye Windows yako. Kazi za programu kama dreva, virusi, au mashine kuwa nzito zinahitaji, na hapo dawa ni kumtengenezea akaunti yake. Kwenye mipangilio ya akaunti ongeza mtumiaji mwingine asiyetumia barua pepe, mpe haki za msimamizi kama kazi inazihitaji, na nenosiri rahisi la siku hizo mbili tatu. Mashine ikirudi, ifute akaunti hiyo pamoja na mafaili yake.

Ujue mpaka wa dawa hiyo, hata hivyo. Mwenye haki za msimamizi anaweza kufungua folda za watumiaji wengine akitaka. Kama ndani kuna mambo mazito, kwa mfano majalada ya wagonjwa, mitihani, orodha ya wanachama wa SACCOS au mikataba ya wateja, toa diski ubaki nayo. Kwenye laptopu nyingi diski ya SSD (ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani) ya umbo la M.2 inashikiliwa na skrubu moja, na fundi mwenyewe ataitoa mbele yako kwa dakika chache ukimwomba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Zote zinamwajibisha anayekusanya taarifa za watu, kwa hiyo zahanati iliyopeleka kompyuta ya mapokezi ikiwa wazi haiwezi kujitetea kwamba aliyeangalia ni fundi.

Kama umeshalitoa nenosiri, libadilishe siku ileile unayoichukua mashine, na popote pengine ulipolitumia. Kisha pitia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako ya Google na ya Microsoft, na vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp yako.

BIOS inaomba nenosiri ambalo hakuna anayelijua

Mashine inaomba nenosiri hata kabla ya nembo ya Windows, au fundi hawezi kubadilisha chochote kwenye BIOS. Mtu aliliweka, aghalabu mwenye mali wa kwanza. Imani ya zamani kwamba ukitoa betri ndogo ya CMOS nenosiri linafutika ilikuwa kweli kwa kompyuta nyingi za mezani za zamani. Laptopu za kisasa huliandika kwenye chipu isiyosahau umeme ukikatika. Kwa ThinkPad, Lenovo wenyewe wanaeleza kwamba nenosiri la msimamizi wa BIOS likipotea suluhisho lao ni kubadilisha mazabodi. Fikiria bei yake ukilinganisha na dakika moja ya kuliondoa kabla ya kuuza.

Tofautisha na nenosiri la diski. Hilo linaganda kwenye diski yenyewe. Ukiichomoa na kuitia kwenye mashine nyingine bado inagoma. Wote wawili, anayeuza na anayekwenda kwa fundi, waingie BIOS, waende sehemu ya usalama, na waondoe manenosiri hayo kwa kuandika la zamani na kuacha jipya likiwa tupu. Hii ni kufuli ambayo hata mimi ninayependa kufuli naona haina haja kubaki wakati wa matengenezo.

Mnunuzi wa Mac anapiga simu: inataka akaunti yako

Kwenye Mac zenye chipu ya usalama ya T2, nyingi zikiwa za kuanzia 2018, na zote zenye chipu za Apple zilizoanza kutoka Novemba 2020, kuwasha Find My, huduma ya Apple ya kutafuta kifaa kilichopotea, kunawasha pia kufuli ya uamilishaji. Mtu akiifuta mashine bila kuiondoa huko, baada ya kusakinisha upya itauliza akaunti ya Apple ya mwenye mali. Kufuta diski hakusaidii, kwa sababu kufuli iko kwenye seva za Apple na mashine lazima iziulize kabla ya kuendelea.

Makosa hutokea pale muuzaji anapompa rafiki "aisafishe". Rafiki anaingia njia ya uokoaji, anafuta diski, anaona ukurasa wa kuchagua lugha, anafurahi. Kufuli itatokea hatua chache mbele, pale mnunuzi atakapounganisha intaneti.

Njia sahihi ipo kuanzia macOS Monterey ya mwaka 2021, ambako iko kwenye menyu ya System Preferences; kuanzia Ventura ya mwaka 2022 fungua mipangilio ya mfumo, sehemu ya General, kisha Transfer or Reset, uchague kufuta maudhui na mipangilio yote. Itakuuliza nenosiri la akaunti ya Apple, itazima Find My, itakutoa kwenye iCloud, na itatupa ufunguo wa usimbaji ili mafaili yasisomeke tena. Kwa Mac za zamani zisizo na kipengele hicho, jitoe iCloud kwa mkono kwanza, ndipo ufute kupitia njia ya uokoaji.

Kama umeshauza, hakuna haja ya mnunuzi kurudi wala ya wewe kumtajia nenosiri lako. Ingia icloud.com/find kwa simu, chagua mashine hiyo, ifute, kisha iondoe kwenye akaunti. Mnunuzi aiwashe upya, itapita. Usimpe nenosiri hata kama anakusihi. Akaunti hiyo ina picha zako na chelezo za simu yako.

Anayepeleka Mac kwa fundi naye ajue kwamba kwenye mashine zenye chipu za Apple hifadhi imeshikamana na chipu kuu. Mazabodi ikibadilishwa, data imekwenda nayo. Hakuna cha kuchomoa ubaki nacho, kwa hiyo nakala ya Time Machine, programu ya Mac ya kuhifadhi nakala, itangulie.

Umeifuta, lakini imerudi ikiwa ya kampuni

Soko letu limejaa laptopu zilizotumika Ulaya na Marekani, zikaletwa kwa makontena na kuuzwa Kariakoo, Nairobi na kwingineko. Nyingi zilikuwa za makampuni na shule. Dalili ni hii: unapiga Windows mpya kabisa, unaunganisha intaneti, na ukurasa wa mwanzo unakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kukutaka uingie kwa barua pepe ya kazini. Kwenye Mac unaambiwa mashine inasimamiwa kwa mbali. Kwenye Chromebook, ukishaisafisha inajiandikisha tena shuleni kwao.

Chanzo ni usajili uliowekwa na mmiliki wa kwanza na usioishi kwenye diski. Windows Autopilot, mfumo wa Microsoft ambao makampuni husajilia laptopu zao, hukitambua kifaa kwa alama za vipande vyake. Apple na Google hutumia namba ya mashine. Anayeweza kuuondoa ni msimamizi wa TEHAMA wa taasisi iliyousajili. Kuna ujanja wa kupita hatua hiyo bila intaneti, na mashine itatumika, lakini usajili unabaki na unaweza kuibuka siku nyingine utakapoirudisha upya. Mashine ya namna hiyo inunue kwa bei ya vipuri tu, na kama hakuna karatasi ya mauzo jihadhari, maana inaweza kuwa ya wizi.

Angalia na BIOS, sehemu ya usalama, kama kuna Absolute, ambayo zamani iliitwa Computrace. Hiyo ni programu ya ufuatiliaji iliyopachikwa kwenye BIOS, na ikiwa imeamilishwa hujisakinisha tena kwenye Windows hata ukibadilisha diski nzima.

Wafanyakazi mnaoruhusiwa kununua laptopu mliyokuwa mkiitumia kazini, ombeni ofisi iiachie rasmi kwenye mifumo yao, na mshuhudie ikiwaka safi hadi mwisho ikiwa kwenye intaneti, kabla ya kulipa.

Mafaili yako yamefufuka kwa mnunuzi

Kuna chanzo kimoja cha kwetu hasa. Mafundi wengi hugawa diski sehemu mbili, C na D, na humwambia mteja aweke picha na kazi zake D ili zisipotee siku ya kupiga Windows. Ushauri mzuri, na unafanya kazi vizuri mno: siku ya kuuza, mtu anapiga Windows upya kwenye C, anaona mashine ni mpya, na D inakwenda kwa mnunuzi ikiwa na harusi, vyeti na kitambulisho cha taifa kilichoskaniwa. Kabla ya kuuza, fungua orodha ya diski na uangalie kila sehemu. Angalia pia kadi ya kumbukumbu pembeni.

Chanzo cha pili ni kufuta kwa haraka. Kufomati kwa haraka kunafuta orodha ya mafaili tu, na kwenye diski ya kuzunguka yaliyomo yanabaki hadi yaandikwe juu yake. Programu za bure zinayarudisha. Kwenye Windows 11 nenda Settings, System, Recovery, uchague "Reset this PC" na kuondoa kila kitu, kisha ufungue kubadilisha mipangilio uwashe chaguo la kusafisha data, na kama kuna diski zaidi ya moja chagua zote. Kwenye diski ya kuzunguka itachukua saa nyingi. Iache kwenye umeme usiku kucha.

SSD ina tabia yake. Kidhibiti chake huhamisha data huku na kule ili seli zisichakae upande mmoja, kwa hiyo kuandika juu ya faili hakuhakikishi kwamba nakala yake ya zamani imefikiwa. Njia ninayoipendelea ni kusimba diski nzima kwa BitLocker kwanza, usubiri ikamilike, ndipo urudishe mashine upya na kufuta kila kitu; kilichobaki popote ni vurugu isiyosomeka bila ufunguo. Laptopu nyingi za kibiashara za Dell, HP na ThinkPad zina pia kipengele cha kufuta diski ndani ya BIOS kinachomwamuru kidhibiti cha SSD kufuta chenyewe. Hicho ni bora zaidi kama kipo, ila baada yake utapiga Windows upya kwa fleshi.

Ulifuta kwenye laptopu, vikapotea na kwenye simu

Huyu alikuwa na nia njema. Alitaka kusafisha kabla ya kuuza, akafungua folda ya picha, akachagua zote, akafuta. Folda hiyo ilikuwa imeunganishwa na OneDrive au Google Drive, na huduma ikatii: ikafuta kwenye wingu na kwenye simu. Nenda haraka kwenye pipa la taka la huduma yenyewe kupitia kivinjari. OneDrive ya binafsi na Google Drive hushikilia vilivyofutwa kwa siku 30.

Vivyo hivyo kwenye Chrome: ukifuta manenosiri yaliyohifadhiwa ukiwa bado umeingia na usawazishaji umewaka, unayafuta na kwenye simu. Jitoe kwanza. Kwa OneDrive kata muunganisho wa kompyuta hiyo, kwa Chrome toka kwenye wasifu na uondoe akaunti, ndipo ufute.

Mashine haiwaki kabisa na unataka kuiuza au kuitengeneza

Hapa huwezi kufuta kitu, lakini si kwamba huna la kufanya. Kama diski inachomoka, ichomoe. Ukiuza mashine iliyokufa kama vipuri, iuze bila diski. Bei itapungua kidogo tu, na diski hiyo ukiitia kwenye kasha la USB utapata mafaili yako, kama haikusimbwa au kama una zile tarakimu 48.

Kama hifadhi imeunganishwa moja kwa moja na mazabodi, fanya kazi yote kwa simu. Iondoe laptopu hiyo kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti ya Google na WhatsApp. Badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, kwa sababu kwa barua pepe ndipo manenosiri mengine hurejeshwa, kisha la benki na la mifumo ya kodi. Kwa Mac, agiza ifutwe kupitia iCloud. Amri itaisubiri hadi siku itakapoguswa na intaneti. Kama unaipeleka kutengenezwa, usiiondoe kwenye akaunti bado. Kama unaiuza, ukiiondoa mnunuzi hatakwama, lakini amri ya kufuta inaweza isifike, kwa hiyo mashine yenye hifadhi iliyogandishwa na siri ndani yake mimi nashauri itengenezwe angalau iwake, ifutwe, ndipo iuzwe.